Magoti yanagoma nikipanda Makongo na trei za mayai

Shikamoo Kocha,

Mimi ni kijana wa miaka 32, naishi Goba na mke wangu na watoto wawili. Kazi yangu ni kusambaza mayai kwa baiskeli. Nachukua kwa wafugaji wa huku kwetu, nafunga trei kwenye karia, napita njia ya Makongo hadi Savei, halafu nazunguka Mwenge na Sinza kwa wenye maduka na wakaanga chipsi. Siku za kawaida nabeba trei 12 hadi 15. Ijumaa na Jumamosi zinafika 20, maana wikiendi chipsi mayai zinatoka sana. Baiskeli yangu ni Phoenix, ile ya wazee, haina gia za kubadilisha.

Tangu baada ya Idi magoti yananisumbua, la kulia zaidi. Maumivu yako mbele, yanaizunguka pia ya goti. Kwenye tambarare sisikii kitu. Nikianza kupanda, na njia ile unaijua, kwenda mlima na kurudi mlima, goti linaanza kuchoma. Kuna mteja wangu mmoja yuko ghorofa ya pili. Kupanda kwake si shida sana, kushuka ndiyo kasheshe, natembeza mkono ukutani kama mzee. Kuchuchumaa chooni mtihani. Nikikaa siti ya nyuma ya daladala goti limebanwa, nikija kusimama naona limekuwa zito. Halafu linalia, kwa kwa kwa. Halijavimba, na sijawahi kuanguka nalo.

Duka la dawa walinipa diklofenaki. Siku nikimeza napiga kazi, kesho yake ni yale yale. Jirani yangu ana jimu ya mtaani, ya vyuma vya zege, anasema miguu yangu dhaifu, niende nikabebe vyuma. Kaka yangu anacheka: mtu anayekanyaga baiskeli kutwa nzima, miguu itakuwaje dhaifu? Nimebaki katikati. Je, kuna mazoezi mepesi ya kufanya nyumbani, maana hela ya jimu sina? Na mke wangu ananichua kila usiku kwa mafuta ya nyonyo. Aendelee au aache?

Muuza mayai, Goba

JIBU

Marahaba mdogo wangu, pole na kazi.

Wengi wanaoniandikia husema "magoti yananiuma" wakaishia hapo. Wewe umenitajia ngazi, choo na siti ya nyuma ya daladala, na hayo matatu yana maana. Maumivu ya mbele yanayokuja ukipanda mlima, ukishuka ngazi, ukichuchumaa au ukikaa muda mrefu goti limekunjwa, mara nyingi yanatoka pale pia ya goti inapokutana na mfupa wa paja. Ni sehemu inayolemewa, na si lazima kuwe na kitu kilichochanika ndani. Huo mlio, ukiwa hauji na uvimbe, usikunyime usingizi. Magoti mengi mazima yanalia. Hata hivyo sijalishika goti lako, kwa hiyo huko chini nitakueleza dalili za kuniacha mimi na kwenda hospitali.

Sasa tumalize ugomvi wa kaka na jirani, kwa sababu kila mmoja ameshika nusu. Kaka yako kweli: kwa kusukuma, miguu yako ina nguvu kuliko ya wanaume wengi wa umri wako. Ila tazama baiskeli inavyoutumia mguu. Unapokanyaga pedali kutoka juu kwenda chini, misuli ya mbele ya paja na ya makalio inasukuma huku ikijifupisha. Pedali ikifika chini, mguu wa pili ndio unaoirudisha juu. Hakuna mahali popote kwenye mzunguko ule ambapo mguu wako unalazimika kuushikilia uzito na kuushusha polepole. Goti halinyooki kabisa, na nyonga haifanyi kazi ya kukuzuia usiyumbe kushoto na kulia, kwa sababu umekalia siti. Ndiyo maana unapanda kwa mteja wako wa ghorofani bila shida, ukishuka unatafuta ukuta. Kushuka ngazi ni kuushusha mwili wako wote kwa mguu mmoja, na hiyo ndiyo kazi ambayo baiskeli haijawahi kuufundisha.

Jirani naye amepata kwamba unahitaji mazoezi ya nguvu. Alipokosea ni pa kuanzia. Goti linalochoma ukilipeleka moja kwa moja chini ya vyuma vya zege, utakuja kuniandikia barua ya pili.

Kabla ya mazoezi, baiskeli. Natia dau siti yako iko chini. Phoenix nyingi za kazi zinazokatiza Dar zina siti ya chini kwa sababu mwenyewe anataka mguu ufike ardhini haraka bodaboda akimchomekea, na ukiwa na mayai 600 mgongoni mwa baiskeli sikulaumu. Lakini siti ikiwa chini, goti linasukuma likiwa limekunjwa sana, na kadiri linavyokunjwa chini ya mzigo ndivyo pia ya goti inavyogandamizwa kwenye paja. Egemeza baiskeli ukutani, panda, weka kisigino juu ya pedali ikiwa imefika chini kabisa. Mguu unatakiwa uwe umenyooka. Ukirudisha mguu mahali pake, yaani sehemu pana iliyo nyuma ya vidole ndiyo iwe katikati ya pedali, goti litabaki limekunjwa kidogo tu. Hapo ndipo pazuri.

Usiipandishe yote siku moja. Sentimita moja, endesha siku kadhaa, halafu nyingine. Ukiona nyonga zinacheza kulia na kushoto unapokanyaga, au maumivu yamehamia nyuma ya goti, umezidisha, ishushe. Na ujifunze kusimama upya: unateleza mbele ya siti, unashusha mguu mmoja. Fanya hivyo jioni bila trei mpaka mwili uzoee. Acha pia kuendesha na ndala au yeboyebo. Soli laini inapinda juu ya pedali na wayo unacheza. Raba ya mtumba yenye soli ngumu inatosha kabisa.

Jingine ni mzigo. Yai moja lina kama gramu 60, kwa hiyo trei 20 ni kilo 36 bila kuhesabu trei zenyewe, na unazipandisha mlimani kwa gia moja. Nenda kwa fundi, mhesabu meno ya gia ya nyuma. Mkikuta 18, mwambie akutafutie ya 20 au 22. Kwa 22, nguvu unayotakiwa kuikanyagia inapungua kwa karibu asilimia 18. Kwenye tambarare utakanyaga mara nyingi zaidi, na cheni huenda ikaongezwa pingili, lakini goti linapenda kuzungusha haraka kwa wepesi kuliko kukandamiza polepole kwa nguvu. Mwendesha baiskeli wa mashindano huzungusha pedali kama mara 80 hadi 90 kwa dakika. Wewe na mayai yako hutafika huko na huna haja, ila ukijikuta mlimani unakanyaga kwa kuning'iniza mwili mzima juu ya pedali moja, shuka usukume. Nimeona watu wanaona haya kusukuma baiskeli Makongo mchana kweupe. Mimi namwonea huruma anayeona haya.

Haya, mazoezi. Nakupa manne, na moja wapo ndilo nitakaloling'ang'ania.

Anza na kukaa na kuinuka. Kiti kiegemee ukutani kisiteleze, hasa hivi vya plastiki. Simama mbele yake, miguu iachane kwa upana wa mabega, mikono mbele. Sukuma makalio nyuma kana kwamba unatafuta kiti gizani, shuka ukihesabu moja, mbili, tatu, gusa kiti bila kujibwaga, inuka. Magoti yaelekee kule vidole vinakoelekea, yasikutane katikati. Kama kiti cha kawaida kinaamsha maumivu, weka mto juu yake ili usishuke sana. Mara 8 hadi 10, pumzika dakika moja au mbili, rudia mpaka zitimie seti tatu. Ukiona mara 12 zinakuwa rahisi, beba dumu la lita 5 la maji kifuani, hizo ni kilo 5. Baadaye la 10. Vyuma vya jirani vitakuwepo tu, havikimbii.

La pili ni kuinua nyonga. Lala chali kwenye mkeka, kunja magoti, nyayo zikanyage karibu na makalio. Bana makalio, inua nyonga mpaka mwili unyooke kutoka mabegani hadi magotini, shikilia kwa kuhesabu tano, shuka. Ukihisi inauma kiunoni badala ya makalio, umeinua kupita kiasi. Idadi ni ile ile. Ukizoea, fanya kwa mguu mmoja, utaona mguu wa kulia na wa kushoto si ndugu kama ulivyodhani.

La tatu ndilo ninalokutaka ulifanye hata siku ukiyaruka mengine. Tafuta tofali la inchi 6, lile la kujengea, ulilaze kwa ubapa wake liwe na kimo cha kama sentimita 15. Liwe limekaa imara, lisicheze, na uwe karibu na ukuta au mlango wa kushika. Panda kwa mguu wa kulia, wa kushoto uning'inie pembeni. Sasa kunja goti la kulia taratibu, polepole, hesabu nne, mpaka kisigino cha kushoto kiguse ardhi. Kiguse tu, usiweke uzito. Panda tena.

Mwambie mkeo akae mbele yako aangalie vitu viwili. Kwanza goti: likikimbilia ndani, kuelekea mguu wa pili, akupigie kelele. Pili mkanda wa suruali: upande mmoja ukishuka kuliko mwingine, nyonga imelala, na goti ndilo linalolipa. Wengi hapa hutetemeka kama jenereta mwanzoni, hata watu wenye mapaja manene ya baiskeli, na wanakasirika. Mtetemeko si tatizo. Ukishindwa kulizuia goti lisiingie ndani, tofali ni refu kwako, tumia kitu kifupi zaidi au usishuke mpaka chini. Mara 6 hadi 8 kwa kila mguu, seti mbili, na uanze na mguu unaouma ukiwa bado hujachoka. Hili ndilo la ngazi za mteja wako.

La nne, kulala ubavu. Mguu wa chini umekunjwa, wa juu umenyooka na umerudi nyuma kidogo, kisigino ndicho kinachoongoza. Inua, hesabu mbili, shusha. Mara 12 hadi 15, utahisi moto pembeni ya nyonga. Linaonekana jepesi mno kwa mwanaume anayebeba kilo 36, na karibu kila mwanaume niliyempa amelidharau mpaka alipofika mara ya kumi. Mazoezi yanayounganisha nyonga na paja ndiyo yanayolisaidia goti la namna yako kuliko ya paja peke yake.

Vigimbi unavyo vya kutosha, lakini ukitaka, simama kwa vidole ukingoni mwa ngazi, panda na ushuke polepole. Kuruka kichura achana nako kwa sasa, na zile hatua ndefu za kupiga goti chini pia.

Ufanye lini? Mara mbili kwa wiki zinakutosha kuanzia. Kwa ratiba yako ningechagua Jumapili na Jumatano, jioni, mayai yakiwa yameshauzika. Usifanye Alhamisi usiku halafu Ijumaa asubuhi ukafunge trei 20 juu ya miguu iliyochoka. Baada ya wiki tatu hivi, kama goti limekubali, ongeza siku ya tatu, mradi kati ya siku na siku kuwe na mapumziko. Wiki za mwanzo utahisi umepata nguvu haraka. Hapo ni mishipa ya fahamu imejifunza kuiamsha misuli vizuri. Misuli yenyewe kukua inataka wiki 6 hadi 8 na kuendelea, na goti lenyewe linaweza kuhitaji miezi mitatu ndipo ulisahau. Nakuambia mapema ili usije ukaacha wiki ya pili ukasema Kocha muongo.

Maumivu wakati wa zoezi yapimie hivi: sifuri ni hakuna, kumi ni ya kupiga yowe. Mpaka tatu, endelea. Yakivuka hapo, punguza kina cha kushuka au punguza idadi. Na kesho yake asubuhi goti liwe limerudi lilivyokuwa; likiamka baya zaidi, jana ulizidisha. Misuli ya mapaja kuuma siku moja au mbili ni kitu kingine, hiyo ni kawaida ya mgeni wa mazoezi. Siku goti limechachamaa sana, egemea ukuta mgongo wote, teleza chini kidogo kama umekalia kiti kirefu, tulia sekunde 20 hadi 30, rudia mara nne au tano. Misuli inafanya kazi bila goti kusogea.

Chakula sitakuhubiria, muuza mayai. Yale yanayopasuka njiani yasiishie yote kwa wakaanga chipsi. Misuli inajengwa kwa protini, na maharage na dagaa ni protini pia.

Diklofenaki iache isiwe ya kila siku. Ikitumiwa mara kwa mara bila daktari inaweza kutoboa tumbo kwa vidonda na kuumiza figo, na figo zinaathirika zaidi mtu akiwa amekaukiwa maji, jambo ambalo kwa mtu anayepanda Makongo saa saba mchana si la kubahatisha. Tena inakunyang'anya kile kipimo cha sifuri hadi kumi nilichokupa sasa hivi. Ukimeza, goti linanyamaza, unalibebesha zaidi. Beba maji, hata chupa iliyofungwa kwa mpira wa tyubu kwenye fremu.

Ukiona goti limevimba, linakwama katikati usiweze kulinyoosha, linakuachia ghafla, linauma usiku ukiwa umelala, au limekuwa la moto na jekundu huku una homa, mazoezi haya yasimame na uende hospitali. Kadhalika kigimbi kimoja kikivimba na kuuma bila sababu, hicho usikichue kabisa, wahi siku hiyo hiyo. Kwa goti la kawaida lililogoma tu baada ya miezi ya mazoezi, huna haja ya kuanzia MOI, ile taasisi ya mifupa pale Muhimbili. Hospitali ya rufaa ya mkoa kama Mwananyamala wana wataalamu wa fiziotherapia, waulize wao kwanza, watakuangalia unavyoshuka kwenye tofali kama nilivyokueleza.

Mafuta ya nyonyo: shemeji aendelee. Kuchua hakuongezi nguvu ya mguu, lakini kunalegeza mapaja na kunapunguza maumivu kwa muda, na hakuna ubaya. Mwambie tu achue paja zaidi, asiikandamize ile pia ya goti. Jumapili na Jumatano amalize kwanza kazi ya kukutazama kwenye tofali ndipo ashike chupa. Ukishapita kwa fundi, niandikie gia ya nyuma ilikuwa na meno mangapi na umeweka ya mangapi. Nina wasomaji wawili wanaobeba mkaa kutoka Kisarawe wanaulizia hilo hilo.